Dakika Mbili Juu ya Usangu

Injini ilizima tukiwa juu ya bonde la Usangu, asubuhi ya mwezi wa Aprili, saa mbili na ushee. Tulikuwa tumetoka Songwe tukielekea Nduli, Iringa, kwa Cessna 182 ya injini moja. Kiti cha mbele pembeni yangu alikaa mama mmoja, mkunga mstaafu, aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu. Nyuma alikuwepo kijana mpima ardhi, amekumbatia sanduku la chombo chake kana kwamba ni mtoto.

Naandika haya kwa sababu kila ninapokutana na marubani wenzangu huku Nyanda za Juu, mazungumzo yanaishia palepale: ule mfumo mpya wa kwenye dashibodi, ule unaokusaidia injini ikizima, unasaidia kweli au ni pambo? Mimi niliubonyeza siku hiyo, na nilichojifunza si kile nilichotarajia.

Nianze na kosa langu, maana lilitangulia. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamelala kwenye safu ya Uporoto, ardhi imelowa, hewa nzito ya masika. Nilipanda hadi futi 9,500, nikaikabidhi otopailoti ndege ishike kimo na uelekeo. Nyuzi joto nje zilikuwa kumi na moja. Mwendo noti 130, kama kilomita 240 kwa saa. Skrini nzuri, ramani ya rangi, kila kitu kimetulia, nikaanza kumsimulia mama habari za Kitulo na maua yake.

Wakati tunapiga soga, kabureta ilikuwa inaganda.

Wasio marubani huniuliza barafu inatoka wapi wakati nje hakuna baridi ya kugandisha maji. Ndani ya kabureta kuna koo jembamba ambamo hewa hupita kwa kasi, na papo hapo petroli inanyunyizwa na kugeuka mvuke. Mambo hayo mawili hupoza hewa kwa nyuzi ishirini na hata zaidi. Hewa ikiingia na nyuzi kumi na moja huku imejaa unyevu, hesabu iko wazi: unyevu unaganda kwenye kuta za koo, koo linazidi kuwa jembamba, injini inakosa pumzi. Huku kwetu masika na zile asubuhi za ukungu ndiyo mazingira yake hasa.

Kwenye ndege yenye pangaboi la pembe isiyobadilika ungeona mizunguko inashuka, na sikio lingesikia. Pangaboi la 182 hujirekebisha lenyewe ili mizunguko ibaki ileile, kwa hiyo mlio haubadiliki. Kinachoshuka ni geji ya manifoldi, ile inayopima shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, taratibu, milimita kwa milimita. Otopailoti nayo ilikuwa na kazi moja, kushika futi 9,500. Nguvu ilivyopungua, yenyewe iliinua pua kidogo, ikainua tena kidogo, kimo kikabaki palepale na mwendo ukawa unaliwa. Noti 130, 124, 118. Kama ningekuwa nimeshika usukani kwa mkono wangu, ningehisi ndege inavyonilemea ndani ya dakika mbili. Mtambo ulinibebea ule uzito, na kwa kunibebea ukanificha ugonjwa. Hilo nimelisema mbele ya wenzangu na nalirudia hapa, kwa sababu vijana wanaofundishwa sasa kwenye ndege zenye skrini pekee hawajawahi kuliona likitokea.

Halafu ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Pangaboi liliendelea kuzunguka kwa upepo tu, kama feni iliyozimwa.

"Baba, kwani imezima?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu.

"Ndiyo mama. Kaza mkanda, tafadhali, na usiguse kitu."

Mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe kabla sijafikiri. Hapo ndipo mazoezi yalipolipa. Mfumo wenyewe ni wa Garmin, waliutangaza mwaka 2021 kwa jina la Smart Glide, na kazi yake ni hii: ukiushtua, unatafuta kiwanja ambacho ndege inaweza kukifikia kwa kuelea bila injini, unachora njia ya kwenda huko, na kama otopailoti inaelewana nao, unaishusha pua hadi kwenye mwendo bora wa kuelea kisha unageuza ndege kuelekea kiwanja hicho. Unakuonyesha pia utafika juu ya kiwanja ukiwa na futi ngapi mkononi. Masafa ya redio ya dharura, 121.5, na namba ya dharura 7700 ya transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwa rada, vinakaa karibu na kidole.

Sekunde chache, pua ikashuka. Hilo peke yake lilikuwa na thamani, kwa sababu dakika ileile otopailoti ya kushika kimo ingekuwa bado inavuta pua juu kwenye ndege isiyo na nguvu, na mwisho wa njia hiyo kila rubani anaujua. Mwendo ukatulia kwenye noti 70 na kitu, yaani kama kilomita 130 kwa saa. Ndege ikaanza kugeuka kulia. Kwenye skrini: kiwanja, maili sita za baharini, kufika ukiwa na futi 1,900 juu ya ardhi.

Sikuhitaji kutazama mwendo. Sikuhitaji kupiga hesabu ya kimo. Mikono yangu yote miwili ilikuwa huru, na nilijikuta naifanya kazi ambayo zamani, kwenye ndege niliyojifunzia, ningeifanya nusunusu huku jicho moja liko kwenye geji ya mwendo.

Kivuto cha joto la kabureta, nje mpaka mwisho.

Baada ya kile kitufe, nilikivuta kabla ya kitu kingine chochote, na sababu yake sijawahi kuisahau tangu mwalimu wangu aliponigonga begani na kunieleza. Joto lile linatoka kwenye bomba la ekzosi. Injini ikishazima, bomba linapoa. Una moto wa kuyeyusha barafu kwa muda mfupi tu, na kila sekunde unayoitumia kutafuta uwanja kwenye ramani, kubishana na skrini au kujaribu redio, ni joto linalokwenda zake na upepo. Rubani anayefuata orodha yake polepole anaweza kufika kwenye kivuto hicho akakuta hakuna tena joto la kuvuta.

Kisha swichi ya mafuta: tenki zote mbili. Mchanganyiko wa mafuta na hewa mbele, mafuta mengi. Magneto, zile zinazotoa cheche za plagi, zote mbili. Nikavuta kidogo kile kivuto cha pangaboi nyuma ili mapanga yakate hewa kwa upole na yasitushikilie. Ndipo nikaita kwenye redio, nikasema Meidei mara tatu, nikataja nilipo, watu watatu ndani.

Sasa niseme habari ya kile kiwanja.

Nilikuwa nakifahamu. Wiki tatu kabla nilipita barabarani kwenda kununua mchele Ubaruku, kama nifanyavyo kila nikipata nafasi, maana mchele wa huko ukiwa sufuriani jirani anajua. Nikasimamisha gari pale kiwanjani kwa sababu tu nina tabia hiyo. Majani yalinifika kiunoni. Ng'ombe walikuwa wanachungwa katikati, na mtu alikuwa amechimba mfereji mdogo wa kupitisha maji ya shamba, unaokata njia ya kutua ndege kutoka upande mmoja hadi mwingine, kina chake kama goti langu. Kwenye data ya mtambo, kiwanja kile kilikuwa kizima: urefu wake upo, uelekeo wake upo, hakina kasoro. Mtambo haukudanganya. Ulisema ulichoambiwa, na aliyeuambia hakuwahi kupita pale masika.

Chini yetu yalikuwa majaruba, yamejaa maji na mpunga wa kijani, mapana, sawasawa kama mkeka. Mgeni akitazama kutoka angani angesema Usangu yote ni uwanja wa ndege. Lakini kila jaruba lina tuta lake, tuta la udongo mgumu linalozuia maji, na gurudumu la mbele la 182 likiligonga kwa noti 50 ndege inapinduka kichwa chini ndani ya matope. Kulikuwa na barabara kuu ya Tanzam, imenyooka vizuri, imejaa malori ya kwenda Tunduma, na nguzo pembeni. Kisha kulikuwa na ile barabara ya moramu inayofuata mfereji mkuu wa mashamba, upande wangu wa kushoto, maili tatu. Hiyo nilikuwa nimeitembea kwa miguu. Haina nguzo upande wa magharibi, ina upana wa lori na nusu, na magari yanayopita hapo kwa saa unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Basi nikazima otopailoti, nikashika usukani, nikageuza kushoto. Mtambo ulikuwa bado unanionyesha njia ya kulia. Nilihisi kitu cha ajabu wakati ule, na nakisema wazi: ilikuwa vigumu kuuacha. Mstari wa rangi kwenye skrini una mamlaka yake. Umekushusha pua vizuri, umekupa namba, umekuwa sahihi kwa dakika nzima, halafu wewe na kumbukumbu yako ya majani kiunoni unaupinga. Najua marubani wazuri ambao wangeufuata.

Kijana wa nyuma akaanza kusali kwa sauti. Mama akageuza shingo akamwambia, "Sali kimoyomoyo mwanangu, mwenzio anafanya kazi."

Tulikuwa tumeshashuka kama futi 1,500 injini ilipotetemeka. Kama hujawahi kupitia hilo, jiandae: barafu inapoyeyuka, injini inameza maji, na inanguruma vibaya kuliko ilipokuwa inazima. Inagonga, inatikisa ndege nzima, dashibodi inaonekana mbili. Kila kitu ndani yako kinakuambia rudisha kivuto, umeharibu. Usikirudishe. Nilikishika kwa vidole vilivyokuwa vinatoka jasho, nikahesabu. Nilipofika kumi na saba ikashika. Ikapiga chafya moja ndefu, kisha mlio ukarudi, kamili, na geji ya manifoldi ikapanda mbele ya macho yangu kama maji kwenye glasi.

Sikurudi Songwe. Ningelazimika kupita tena kwenye milima na yale mawingu, na sikuwa tayari kuiamini injini juu ya mahali ambapo hakuna pa kutua. Nikaendelea kuelekea Iringa nikiwa nimeng'ang'ania upande wa bondeni kadiri nilivyoweza, joto la kabureta limefunguliwa lote, macho yangu yakiruka kutoka uwanda mmoja hadi mwingine. Tulipotua Nduli mama alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Ndaga fijo, baba," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Akaongeza kwamba amezalisha wanawake usiku kwa taa ya chemli, mvua inanyesha, na alijua ninachofanya kwa sababu sikuwa nazungumza.

Fundi alifungua kifuniko cha injini akakaa nayo mchana kutwa. Mafuta hayakuwa na maji. Plagi safi. Kabureta kavu. "Kapteni, hii injini haina ugonjwa," akaniambia jioni, na hakukosea, kwa sababu barafu ikishayeyuka haiachi alama. Ni mwizi anayeondoka na nyayo zake.

Tangu siku hiyo nimefanya mazoezi mengi na mfumo ule, na nimeuheshimu zaidi, ila kwa mipaka. Nilipanda juu ya Songwe siku tulivu, nikapunguza nguvu hadi mwisho, nikaiacha ndege ielee huku naandika kimo na umbali. Kitabu cha ndege za aina yetu hukupa takriban maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000. Mimi nilipata kama moja na robo. Ndege yetu ni ya zamani, ina mabaka, ina antena zilizoongezwa. Duara lile linaloonyesha utakapofika kwa kuelea linachorwa kutokana na namba aliyoiingiza mtu wakati wa kufunga mtambo. Tukaibadilisha ile namba, duara likasinyaa, nami nikalala vizuri zaidi.

Kuna jambo la kimo pia ambalo huku kwetu ni kubwa kuliko mahali pengi. Futi 9,500 kutoka usawa wa bahari, ukiwa juu ya Usangu, ni karibu futi 6,000 za hewa chini yako, dakika saba au nane za kufikiri. Futi hizohizo juu ya Mafinga, ambako ardhi iko karibu mita 1,900, zinakuachia kama futi 3,300, na chini yako ni misonobari ya Sao Hill, maelfu ya hekta, imesimama bega kwa bega. Juu ya Kitulo, ambako uwanda uko mita 2,600, utakuwa na futi 1,000 tu, na wingu likikaa hutaziona. Mtambo unalijua hilo, una ramani ya milima ndani yake, na pasipo na kiwanja cha kufikia unakuambia hivyo kwa sauti. Lakini kukuambia hakuleti kiwanja. Uamuzi wa kupita Usangu badala ya kupita juu ya Kitulo niliufanya chini, kabla ya kuwasha injini, nikiwa na kikombe cha chai. Kama ningepita kule juu siku ile, nisingekuwa na dakika mbili za kusubiri barafu iyeyuke.

Mwaka jana nilipewa kijana wa kumzoeza njia zetu. Ana leseni mpya, mikono mizuri, anaujua mfumo kuliko mimi. Siku ya kwanza akaniambia, "Kaka, siku hizi ndege inatua yenyewe, sisi ni wa kusimamia tu." Nikamkalisha. Nikamweleza kwamba anachanganya vitu viwili. Upo mfumo wa Garmin unaoitwa Autoland, uliopata kibali Marekani mwaka 2020 kwenye Piper M600, ambao kweli unaishusha ndege hadi inasimama. Huo umetengenezwa kwa ajili ya rubani aliyezidiwa au kupoteza fahamu, na unahitaji injini iwe inafanya kazi. Huu wa kwetu ni kinyume chake: injini imekufa, rubani yu hai. Unakupeleka hadi karibu na kiwanja, kisha unakurudishia ndege. Mzunguko wa mwisho, kuvunja kimo, kuchagua pa kugusa ardhi, hayo ni yako, na huna nguvu ya kurudi juu ukikosea. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo inasaidia nini?"

Nikamjibu kama nilivyoishi: inakupa mikono yako. Ile nusu dakika ya kwanza, akili inapokataa kuamini, ndege inakuwa tayari imeshika mwendo salama, na wewe unaweza kuvuta kivuto kabla ekzosi haijapoa. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kati ya kutua Nduli na kutua kwenye moramu, au pabaya zaidi. Kama ningekuwa na uwezo, kila ndege ya injini moja inayobeba watu kwenye milima hii ingefungwa mfumo huu, na kila anayeutumia angelazimishwa kuendesha gari chini ya njia yake ya angani mara moja kwa msimu.

Hilo la mwisho ndilo ninalolifanya na yule kijana. Kila robo saa, yaani kila dakika kumi na tano, tukiwa angani anavuta joto la kabureta na kuangalia geji, hata kama kuna jua. Na kila baada ya miezi michache tunachukua pikipiki au gari, tunapita Igurusi, Chimala, Ubaruku, hadi Madibira barabara ikiruhusu. Tuna daftari. Kila kiwanja, kila kipande cha barabara, kila uwanda mkavu una ukurasa wake: tarehe, urefu wa majani, mifugo, nyaya.

Mwezi uliopita tulifika tena kwenye ile barabara ya mfereji. Mzee mmoja aliyekuwa anafungulia maji shambani kwake alituona tunavyohesabu hatua, akatuuliza kama tumetumwa kupima barabara ya lami. Tukamwamkia shikamoo, tukamweleza. Akacheka, kisha akakunja uso, akatuonyesha kwa jembe lake upande wa magharibi, kule nilikokuwa na hakika hakuna kitu. Walikuwa wamesimika nguzo mbili kupeleka umeme kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Waya ulikuwa unakatiza barabara, mwembamba, hauonekani kabisa ukiwa na jua machoni. Kijana akaandika: hatua 640 kutoka darajani hadi kwenye waya, tua kutoka kusini.